MJADALA: Rejista ya viungo bandia iwe mali ya chama cha wapasuaji wa mifupa, au ya Wizara?

Shina_na_Kikombe
Wakuu, salaam. Hoja yangu ni hii: kila nyonga bandia na kila goti bandia linalowekwa nchini liandikwe kwenye rejista moja ya taifa, na mwenye rejista awe chama cha wapasuaji wa mifupa. Isiwe Wizara, isiwe kila hospitali na daftari lake. Na iwe lazima: pasipo fomu, bima isilipe.

Kwa nini chama? Tazameni waliotutangulia. Sweden walianza na goti mwaka 1975, wakafuata na nyonga 1979, na walioanzisha ni wapasuaji wenyewe. Norway 1987. Australia na New Zealand 1999, na zote mbili ziko mikononi mwa vyama vya wapasuaji hadi leo. Uingereza walichelewa. Nyonga ya 3M Capital ilianza kuwekwa huko 1991, na onyo likatoka 1998 ilipoonekana mashina yake (shina ni ile sehemu inayozama ndani ya fupa la paja) yanalegea kupita kiasi. Wakati huo watu wapatao 4,700 walikuwa wameshawekewa, na kuwapata ilibidi kupekua mafaili hospitali baada ya hospitali. Rejista yao ikaanza 2003.

Linganisheni na Boneloc, saruji ya kushikiza kiungo kwenye mfupa: wanorwe waliiona kwenye rejista ikiwa bado na miaka michache tu sokoni, na ikaondolewa. Au ASR, nyonga ya kampuni ya DePuy, ile ya kichwa cha chuma ndani ya kikombe cha chuma. Rejista ya Australia iliionyesha mapema kwamba inarudiwa upasuaji kuliko wenzake, ikatolewa kwenye soko la huko mwishoni mwa 2009. Dunia nzima iliondolewa Agosti 2010, imeshaingia kwa watu kama 93,000.

Kiungo cha namna hiyo kikigundulika kesho kwamba ni kibovu, nani hapa kwetu atajua kiko ndani ya nani?

Pasua_Paja
Mkuu, nakuheshimu, lakini umeanza na paa kabla ya msingi. Wodi za mifupa hazijajaa nyonga bandia. Zimejaa mapaja na miundi iliyovunjika, vijana wa bodaboda, wengine wamelala kwenye uzito wa kuvuta mguu wiki sita. Kama kuna shilingi moja ya kukusanya takwimu, iende huko.

Tena kwenye mivunjiko mfumo upo na unafanya kazi. SIGN, shirika la Marekani lililoanzishwa 1999, linatoa misumari ya ndani ya mfupa bure kwa hospitali zetu. Mpasuaji akishaweka msumari anapandisha eksirei za kabla na baada kwenye hifadhidata yao, na msumari wa kujazia pengo unatumwa kufuatana na kesi zilizoripotiwa. Hakuna wizara, hakuna kikao, hakuna posho. Usiporipoti, rafu yako inabaki tupu. Hilo ndilo sharti linaloeleweka hata na aliyechoka saa nane za usiku.

Shina_na_Kikombe
@Pasua_Paja umenisaidia bila kukusudia. Mfano wa SIGN unathibitisha kwamba fomu hujazwa pale inapofungwa kwenye kitu mpasuaji anachokihitaji. Nami nafunga kwenye malipo ya bima.

Sista_wa_Thieta
Kabla hamjagombania mwenye nyumba, ngoja niwaambie fomu inafia wapi. Inafia kwenye pipa la taka la thieta, chumba cha upasuaji.

Nyonga moja si kitu kimoja. Isiyo ya saruji ina kikombe, bitana yake ya plastiki au ya seramiki, pengine skrubu mbili tatu, shina, na kichwa. Ya saruji ongeza saruji yenyewe (ina dawa ya antibayotiki au haina?) na kizibo cha mfereji wa mfupa. Kila kimoja kina boksi lake, na ndani ya boksi kuna stika kadhaa. Kila stika ina REF, yaani namba ya katalogi, na LOT, yaani namba ya toleo la kiwandani. Watu wanaandika REF kwa mkono wanadhani wamemaliza. REF inakwambia ni aina gani na saizi gani. Kiwanda kikikosea mwezi mmoja tu, kinachoitwa kurudi ni LOT, na REF haitakusaidia kitu.

Makosa ninayoyajua: boksi la nje linafunguliwa na mzungukaji, yaani nesi anayeleta vifaa toka nje ya meza ya upasuaji, linatupwa na stika ndani. Stika inabandikwa kwenye karatasi lenye maji, kesho imebanduka. Stika ya shina lililojaribiwa likakataa, likatolewa, inabaki kwenye faili pamoja na ya shina lililobaki, kwa hiyo kwenye karatasi mgonjwa ana mashina mawili kwenye mguu mmoja. Na upande: kulia na kushoto vinabadilishana kwa sababu fomu inajazwa na mtu ambaye hakuwepo, jioni, akitazama eksirei iliyopachikwa kinyume.

Dawa yake si mafunzo ya siku tatu hotelini. Fomu iwe juu ya meza ya mzungukaji kabla kisu hakijagusa ngozi. Stika ibandikwe pale kiungo kinapokabidhiwa kwa nesi anayempa mpasuaji vifaa mezani, siyo mwisho. Zile za vilivyokataliwa zikatwe mstari mwekundu. Mgonjwa apewe kadi yenye seti ya pili ya stika hizo hizo. Kadi ile ndiyo rejista ya mwisho pale kompyuta zote zitakapozima.

Hesabu_Haidanganyi
Sista kasema kweli, lakini fomu nzuri bado haitoshi. Rejista inapima jambo moja kuu: kiungo kimekaa miaka mingapi kabla ya upasuaji wa marudio. Sasa fanyeni hesabu. Kutofautisha kiungo kinachorudiwa kwa 5% na kinachorudiwa kwa 10%, kwa nguvu ya kitakwimu ya 80% (yaani uwezekano wa 80% wa kuiona tofauti hiyo kama ipo), unahitaji wagonjwa wapatao 430 kila upande, tena wote waliofuatiliwa hadi mwisho. Gawanya idadi ya nyonga za nchi moja ya kwetu kwa aina zote zilizopo sokoni uone unabaki na ngapi kwa kila aina.

Kwa hiyo hoja ya "chama au Wizara" mimi naiona ndogo. Hata chama cha nchi moja ni kidogo mno. Data ziunganishwe Tanzania, Kenya, Uganda, Malawi, Zambia kwa fomu moja. COSECSA, chuo cha wapasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini, kipo Arusha na nchi hizo zote ziko ndani yake. Malawi wana rejista tangu 2005, na waliandika hali ya VVU ya mgonjwa, kitu ambacho fomu za Skandinavia hazikuwa na haja nacho.

Halafu vifo. Mgonjwa akifa bila kurudiwa upasuaji, ukamwacha kwenye hesabu kama yu hai na nyonga yake nzima, kiungo kibaya kinapendeza. Akirudiwa upasuaji Nairobi wakati wa kwanza ulifanyika Moshi, hapo napo kinapendeza. Ndiyo maana Skandinavia wanafaulu: kila mtu ana namba moja tangu kuzaliwa mpaka kaburini na vifo vinasajiliwa. Sisi tuna jina linaloandikwa Mohamed, Mohammed, Muhamadi, na namba ya simu iliyobadilika mara mbili tangu mwaka jana.

Pasua_Paja
Hapo ndipo ninaposema ni anasa. Hata SIGN, pamoja na sharti lao zuri, wagonjwa wanaorudi kupigwa picha ya mwaka ni wachache kuliko waliopigwa msumari. Anayepona harudi, anarudi mwenye matatizo. Mtapata rejista ya wenye matatizo.

Hesabu_Haidanganyi
Siyo sawa kabisa, ndugu. Kwenye rejista ya viungo humsubiri mgonjwa arudi. Unasubiri fomu ya marudio, nayo inajazwa na thieta yoyote itakayomfungua tena. Hatari ni kwamba marudio mengine hayafanyiki kamwe kwa sababu mgonjwa hana fedha. Kiungo kimelegea, anatembelea fimbo, na kwenye takwimu anahesabika amefaulu. Kwa hilo unahitaji kumpigia simu.

Mama_Mazoezi
Na mkimpigia mtamuuliza nini? Kipimo cha Oxford cha nyonga kina maswali 12, alama 0 hadi 48, na swali moja linauliza kama unaweza kuvaa soksi. Lindi, mwezi wa pili, soksi? Muulizeni kama anatumia choo cha kuchuchumaa au amewekewa kiti, anapanda daladala kwa mguu upi, anasali amesimama, amekaa kwenye kiti au anasujudu. SIGN hutumia picha ya mgonjwa akichuchumaa kuonyesha paja limeunga, na kwa msumari ni kipimo kizuri sana. Kwa nyonga bandia msiige. Aliyefunguliwa kwa nyuma tunamkataza kukunja nyonga kupita digrii 90 miezi ya kwanza, maana ndiyo njia ya kichwa kuchomoka kwenye kikombe.

Wakili_wa_Pwani
Suala la mwenye nyumba si dogo kama anavyodhani mtaalamu wa hesabu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ni ya 2022, ya Kenya ni ya 2019, na zote zinaziweka taarifa za afya kwenye kundi nyeti. Chama cha hiari kinachokusanya majina, namba za kitambulisho na hali ya VVU kinahitaji msingi wa kisheria, usajili, na mtu anayewajibika data zikivuja. Kuzivusha mpaka kwenda Arusha au Blantyre ni ngazi nyingine ya masharti. Wizara inao msingi huo tayari kwa sheria zake.

Lakini Wizara ina tatizo lake: mpasuaji hataandika kwa uaminifu kwenye daftari linaloweza kuitwa mahakamani. Australia walilitatua hili kwa kuitangaza rejista kuwa shughuli ya kupima ubora chini ya sheria ya shirikisho, hivyo taarifa zinazomtambulisha mtu zinalindwa. Mwenye nyumba ni chama, na kufuli limetoka serikalini. Mnataka chama? Dai kufuli kwanza.

Famasia_ya_Vipandikizi
Nami nakitilia shaka chama, kwa sababu nyingine. Nani hulipia mahema, chai na mabegi ya mikutano ya mwaka? Wauza vipandikizi. Hao hao ndio rejista itakayowahukumu. Australia fedha za rejista zinatokana na tozo kwa watengenezaji, lakini hukatwa kwa kanuni, siyo kwa urafiki. Chama kikipokea mchango wa hiari, siku jina la mfadhili litakapokaa mkiani mwa jedwali ripoti itachelewa "kwa sababu za kiufundi".

Na lile sharti la bima, mkuu Shina_na_Kikombe, lina tundu. Wanaolipa taslimu hawamo. Kambi za upasuaji za wageni hazimo, na huko ndiko kwenye balaa: wanakuja na masanduku ya misaada yenye mabaki ya makampuni matano, wanaondoka, hakuna LOT iliyobaki. Kisha mwaka wa tatu mtu anataka kubadilisha kichwa tu, anauliza shina lina koni gani (ile ncha inayopokea kichwa), anaambiwa "12/14". Koni za 12/14 za kampuni mbili tofauti hazilingani lazima, pembe na urefu hutofautiana. Ukilazimisha, chuma kinasuguana na kuoza pale shingoni.

Sharti lifungwe kwenye ankara. Kwetu vipandikizi vingi huletwa na msambazaji kwa trei nzima, saizi zote, na hospitali hulipia kilichotumika tu. Kwa hiyo msambazaji anajua kila LOT iliyotoka. Ankara isiyo na namba ya rejista isilipwe, awe na bima au hana. Kwa kambi za misaada, kibali cha kuingiza cha TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, kitolewe kwa ahadi ya fomu. Mwisho wa robo mwaka unalinganisha ankara na fomu: vilitoka vikombe 60, fomu 51, tisa ziko wapi? Bila mlinganisho huo hamtajua kama rejista imekamilika au ni ya wenye moyo tu.

Shina_na_Kikombe
@Famasia_ya_Vipandikizi hilo nakubali, ankara ni bora kuliko bima. Nabadilisha hoja yangu hapo. Na wakili amenishinda kuhusu kufuli.

Lakini chama siachii, kwa jambo moja: usomaji wa matokeo. Mpeni ofisa wa Wizara jedwali, atapanga hospitali kutoka ya kwanza hadi ya mwisho na magazeti yatachapisha. Hospitali inayopokea vijana wa selimundu ambao kichwa cha fupa la paja kimekufa kwa kukosa damu itaonekana mbovu, wakati mfereji wa mfupa wao ni mwembamba na mgumu, hupasuka wakati wa kuuchimba, na maambukizi huwapata zaidi. Ya jirani inayochagua wastaafu wenye usagikaji wa kawaida wa kiungo itapongezwa. Matokeo yake nini? Mwaka wa pili hakuna atakayempokea kijana wa selimundu.

Chati ya faneli ndiyo inayofaa: idadi ya upasuaji upande mmoja, marudio upande mwingine, anayevuka mpaka wa 99.8%, yaani tofauti ambayo bahati mbaya tu haielezi kirahisi, anaandikiwa barua ya siri na wenzake aeleze. Kazi hiyo ni ya wenye fani.

Pasua_Paja
Barua ya siri kutoka kwa mtu mliyesoma naye. Na mgonjwa je, anapata barua?

Wakili_wa_Pwani
Swali zuri. Jina la kiungo litangazwe, kila mwaka, kwa kila mtu. Jina la mpasuaji libaki siri kwa muda, kisha baraza la madaktari likikabidhiwa asiyejibu barua ya pili lisiwe na njia ya kukwepa. Na kwenye kamati awepo angalau mgonjwa mmoja mwenye nyonga yake.

Sista_wa_Thieta
Mkishaelewana juu ya barua, nijibuni la leo. Fomu ya ukurasa mmoja ninayo: majina matatu, tarehe ya kuzaliwa, kitambulisho, simu ya mgonjwa na ya ndugu, upande, ugonjwa uliosababisha, kwa mara ya kwanza au marudio, cheo cha mpasuaji, njia aliyofungulia, saruji, na nafasi ya stika nane. Stika nane zinatosha kwa nyonga. Goti la marudio lenye vipande vya kujazia halienei. Niongeze ukurasa wa pili, au nipunguze maswali ya juu?

Hesabu_Haidanganyi
Punguza ya juu. Ondoa njia ya kufungulia na cheo, kaziongeze mwaka wa tatu. Ukurasa wa pili hupotea.