Programu ya kuhesabu kalori: nilipe au nibaki na ya bure?

BintiTudor
Assalaam alaikum wanajamvi. Nina programu ya kuhesabu kalori kwenye simu. Muda wa majaribio unaisha Ijumaa, na baada ya hapo wataanza kukata pesa. Ukilipa, unaweza kuskani ile mistari ya pakiti, unapewa mpango wa chakula, na matangazo yanaondoka. Kuna mtu wa hapa Mombasa, anayekula vyakula vyetu vya kila siku, aliyelipa akaona faida? Naomba majibu kabla ya Ijumaa.

Kapteni_wa_Likoni
Wa alaikum salaam. Dada, umetupa nusu ya swali. Programu gani? Bei gani? Wataka kupunguza uzito, kuongeza, au una maradhi? Wapika nyumbani au wala hotelini? Bila hayo tutakuwa twabahatisha tu.

Mla_Mbaazi
Usilipe. Hizo programu hazikijui chakula chetu. Nilitafuta mahamri nikaletewa moja yenye kalori 90 na nyingine yenye 340, zote zimeandikwa "kipande 1". Kipande cha nani? Hamri la kibandani Majengo ni kubwa karibu mara mbili ya lile la harusini. Ukilipa wala usilipe, orodha ni ile ile, na imeandikwa na watu kama mimi na wewe.

Mzani_Bamburi
Hapo Mla_Mbaazi umezitia zote kapu moja. Inategemea programu. Kwa MyFitnessPal ni kweli, vyakula vingi vimeingizwa na watumiaji wenyewe. Lakini Cronometer, ambayo ni ya Canada, hutegemea zaidi orodha zilizopimwa kama ile ya idara ya kilimo ya Marekani, na huonyesha virutubisho zaidi ya 80, siyo kalori peke yake. Kuskani pakiti ni bure. FatSecret pia kuskani ni bure. MyFitnessPal ndiyo iliyokuwa bure kisha mwaka 2022 wakaihamishia upande wa kulipa.

Mimi nalipia Cronometer na nitaendelea kulipia. Nafanya mazoezi, nahitaji kujua protini yangu, na kuona chati ya wiki nzima kunanisaidia kujipanga. Pesa ya mazoezi twatoa kila mwezi bila kulalamika, kwa nini ya chakula iwe nzito?

Kapteni_wa_Likoni
Tukiwa hapo kwa MyFitnessPal, msisahau kwamba mwaka 2018 walidukuliwa, akaunti karibu milioni 150: majina, barua pepe na nywila zilizofichwa. Wakati huo ilikuwa chini ya Under Armour, kampuni ya mavazi ya michezo. Yeyote anayefungua akaunti asitumie nywila ya barua pepe yake.

Mama_Swafaa
Mwanangu BintiTudor, nisikilize mie kabla hujalipa. Jina la programu sitalitaja. Tangazo lao lilikuwa limeandika bei kwa herufi kubwa, ya mwezi, kiasi ambacho mtu yeyote mwenye kazi atakitoa. Nikaona sawa, mwezi mmoja nitajaribu, nisipopenda nitaacha. Nimebonyeza kukubali niko kwenye foleni ya feri, kabla ya kuvuka ujumbe wa M-Pesa ukaingia. Wamekata mwaka mzima kwa mkupuo. Ile bei ya mwezi ilikuwa ya mwaka iliyogawanywa kwa kumi na mbili, na maelezo yake yako chini kabisa kwa maandishi ya kijivu.

Nikawaandikia siku hiyo hiyo. Wakaniambia malipo yamepita duka la programu, niwaone wao. Duka likanijibu nimwone mwenye programu. Nikarudishwa huku, nikapelekwa kule, mpaka muda wa kudai ukapita. Pesa zile zilikuwa za sare za shule. Na hata ule mpango wa chakula niliolipia ulinitaka asubuhi nile matunda ambayo sokoni Kongowea hayapatikani, na mchana mkate wa aina nisiyoijua. Sikuona siku moja walipotaja wali, samaki wala mchicha. Niliwaambia wazi kwamba huo ni udanganyifu, na hadi leo nasema hivyo. Kwa hivyo kabla ya kubonyeza, soma chini, si juu.

Mzani_Bamburi
Pole sana Mama Swafaa. Hilo ni la kweli na wengi limewakuta. BintiTudor, kama hutaki kuendelea, usifute programu ukadhani umemaliza. Kufuta hakusimamishi malipo. Ingia Play Store, gusa picha yako, nenda Malipo na Usajili, kisha Usajili, ughairi huko. Fanya Alhamisi, usingoje Ijumaa.

BintiTudor
Shukran nyote. Ni MyFitnessPal. Marekani wanasema ni dola 79.99 kwa mwaka, hapa nimeonyeshwa kiasi kinachokaribia hicho kwa shilingi.

Ila si yangu mimi, ni ya mama. Ana sukari, anameza vidonge, na daktari amemwambia apunguze uzito. Yeye hapendi mambo ya simu. Kila jioni ananitajia alichokula, mimi naandika. Tunakaa pamoja na yeye ndiye mpishi.

Kapteni_wa_Likoni
Hilo ndilo lilikuwa la kusema mwanzo, dadangu.

Lishe_Makadara
Nafanya kazi ya lishe, kwa hivyo nitaandika kwa urefu kidogo.

Kwanza dawa. BintiTudor, tazama jina la vidonge. Kama ni metformin peke yake, sukari kushuka kupita kiasi ni nadra. Kama ni glibenclamide, au akiwa anadunga insulini, kumpunguzia chakula ghafla kwa sababu programu imesema kalori kadhaa kunaweza kumletea jasho, kutetemeka, kuchanganyikiwa, hata kuzimia. Usimwekee lengo lolote kabla hamjazungumza na kliniki yake. Programu humuuliza umri, urefu na uzito. Haimuulizi anameza nini.

Pili, kwake kalori ni nusu ya habari. Kalori zatusaidia kwa uzito: gramu moja ya mafuta ina 9, ya wanga 4, ya protini 4. Kinachopandisha sukari baada ya kula hasa ni wanga. Mahamri kwa mbaazi ya nazi: mbaazi ina nyuzinyuzi na protini, hupandisha polepole, hamri ni unga mweupe na sukari ndani ya mafuta. Mama akipunguza hamri akaongeza mbaazi, sukari yake itashukuru hata kama jumla ya kalori haikubadilika sana kwa sababu ya tui. Kuona wanga kwa kila siku, MyFitnessPal ya bure yaonyesha. Cronometer ya bure pia.

Tatu, chakula chetu kimeshapimwa. Serikali ya Kenya pamoja na FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, walitoa majedwali ya virutubisho vya vyakula vya Kenya mwaka 2018, na kitabu cha mapishi chenye hesabu zake. Vyote ni bure, unapakua kama PDF. Chukua mapishi ya mama, yapime mara moja kwa mizani ya jikoni, yaingize kwenye programu kama chakula chako mwenyewe, kisha kila siku unachagua tu. Hiyo kazi hakuna anayeweza kukufanyia kwa kulipwa.

Na hapo kwenye kupima watu hupotea: gramu 100 za mchele mkavu zina kalori kama 360, lakini gramu 100 za wali mweupe ulioiva ni kama 130 kwa sababu ya maji. Ukipima sahani ukachagua "mchele" badala ya "wali", umemzidishia mama karibu mara tatu.

Mama_Swafaa
Hiyo pesa ya mwaka afadhali amnunulie stripi za kupimia sukari. Akila, apime saa mbili baadaye. Ataona mwenyewe chakula gani chamfaa.

Lishe_Makadara
Mama Swafaa, kama mashine anayo na stripi ndizo zinazomshinda, nakuunga mkono moja kwa moja.

Mzani_Bamburi
Mimi bado nasema kulipa kunampa mtu nidhamu. Lakini kwa mama wa nyumbani anayepika mwenyewe, sawa, ya bure inatosha kuanzia. Kuhusu nazi: pima nazi iliyokunwa kabla ya kukamua. Gramu 100 ni kama kalori 350. Ingiza hiyo, gawanya kwa idadi ya sahani.

Mla_Mbaazi
Hapana, hapo umekosea hesabu. Nazi yote hailiwi. Wakuna kwa mbuzi, wakamua kwa kifumbu, tui zito watoa, tui jepesi watoa, na chicha yabaki. Kwenye chicha mna mafuta mengi bado. Ukihesabu nazi nzima wamtia mama kalori ambazo zimekwenda kwa kuku.

Mzani_Bamburi
Basi atumie tui la pakiti. Kalori zimeandikwa nyuma, kila mililita 100. Hakuna kubahatisha.

Mla_Mbaazi
Tui la pakiti kwenye mbaazi! Na samaki wa kupaka pia utamtilia la pakiti?

Bibi_wa_Kibokoni
La pakiti si baya, nina wajukuu watano na haramu siioni. Ila soma viungo, mengine yametiwa maji mengi na unga wa kuyafanya mazito. Na kwa mwenye sukari anayepunguza uzito, mbaazi zachemka vizuri kwa tui jepesi, lile zito utie vijiko viwili tu mwishoni kwa harufu. Ladha ipo ile ile. Mafuta ya kukaangia nayo mwapimaje? Hayo hakuna aliyeyataja.

Lishe_Makadara
Shikamoo bibi, umegusa penyewe. Pima mafuta kabla ya kukaanga, pima yaliyobaki karaini yakishapoa, tofauti ndiyo iliyoingia kwenye mahamri na kidogo iliyoshika karatasi. Kijiko kikubwa kimoja ni kalori kama 120.

BintiTudor
Nimeshaghairi malipo kwa njia aliyoeleza Mzani. Kulipa au kutolipa bado sijakata shauri. Dada yangu aliye Nairobi anasema atachangia nusu, na mama mashine anayo lakini stripi ziliisha. Jina la vidonge nitaliangalia jioni nikitoka kazini niwaletee.

Lishe_Makadara
Leta na kipimo, miligramu ngapi na mara ngapi kwa siku.

Kapteni_wa_Likoni
Mizani ya jikoni yenyewe mwanunua wapi? Ile ya mke wangu imeanza kudanganya, kila ukipima yaleta jibu jipya.

Mzani_Bamburi
Badilisha betri kwanza, halafu iweke kwenye meza isiyotikisika. Ikiendelea, maduka ya vyombo karibu na Marikiti wanazo, jaribu hapo hapo dukani na pakiti ya unga ya kilo moja.

Mla_Mbaazi
Bibi wa Kibokoni, hivyo vijiko viwili vya tui zito ni kwa sufuria ya mbaazi kiasi gani?