Mrejesho: ile seva ya jirani tuliyokuwa tunanyang'anyana nayo wachezaji

Wakuu, habari za leo. Niliomba ushauri hapa: seva yetu ya kuigiza maisha ndani ya mchezo wa kompyuta wa GTA V na ya jirani zetu zote zinatumia FiveM (programu ya kuendeshea seva binafsi za mchezo huo), wachezaji ni walewale, na kila upande unamfungia anayeonekana kwa mwenzake. Wengi mlisema tukae nao chini. Tumekaa.

Kufungiana tumekufuta. Mtu hawezi kuwa kwenye seva mbili kwa wakati mmoja, basi tukagawana siku: wao Ijumaa, sisi Jumamosi. Jumamosi iliyopita wachezaji wao wanaoigiza polisi walikuja kwetu na magwanda yao, wakimsaka mtuhumiwa aliyekimbilia bandarini. Wakili wetu akawazuia getini akidai hati ya mahakama, wakabishana weee, bila risasi hata moja. Uigizaji mtamu namna ile sikuwa nimeuona siku nyingi!

Ushindani haujaisha, na sitaki uishe. Magenge yao yana visa vikali kuliko yetu, na hilo linatusukuma kuandika vizuri zaidi. Skripti zao (kodi zinazoongeza mambo kwenye seva) hawatupi, wamezinunua kwa pesa zao, wana haki. Ila orodha ya wanaotumia programu za kudanganya tunapeana.

Kwa mkuu aliyeuliza kuhusu uhalali wa FiveM: Rockstar, wenye GTA V, walifungia akaunti za watengenezaji wa FiveM mwaka 2015, lakini Agosti 2023 wakatangaza kuichukua timu yenyewe, Cfx.re. Ijumaa hii ni zamu yetu kwenda kwao, na wakili tunaye.