Naomba ushauri: pedali gani ya distoshani (ya kukwaruzisha sauti ya gitaa) kwa roki ya zamani?

Habari zenu wakuu. Napiga gitaa la umeme lenye hambaka mbili (vinasa sauti vya koili mbili mbili), amplifaya yangu ni ya transista, wati 15. Naitafuta ile sauti ya roki ya miaka ya 1970: inakwaruza, nzito katikati, lakini ukipiga kodi (noti kadhaa kwa pamoja) bado unasikia kila uzi. Metali sitaki.

Nimeazima pedali ya Boss DS-1, ile ya rangi ya chungwa iliyotoka 1978. Nikiwa peke yangu chumbani inanoga. Tukianza na ngoma na besi, gitaa linamezwa. Nikiongeza ukali, linakuwa nyuki ndani ya kopo. Toni nimeshusha karibu yote, wapi!

Sasa niko njia panda: ProCo RAT au Ibanez Tube Screamer? Tube Screamer najua inasukuma sauti za kati, ila wengi huiunganisha kwenye amplifaya ya valvu ambayo tayari imeshaanza kukwaruza. Yangu ni safi tupu. Itatosha peke yake kweli? Au nichukue RAT, distoshani niiweke chini? Au najidanganya tu na pedali, mchawi ni amplifaya? Aliyewahi kupiga na bendi kwa kifaa kidogo hivi anieleze alivyokipanga.