Deki ya video na televisheni haziafikiani: naomba ushauri

Mwana wa Langoni: Assalamu alaikum. Nina kanda ya VHS ya arusi ya dada yangu, iliyorekodiwa hapa Lamu mwaka 1996, na mama anatamani kuiona tena. Nimepata deki nikaiunganisha na televisheni yetu ya kichogo, lakini picha haina rangi, inapanda juu bila kutulia, na upande wa chini imechanwachanwa na mistari. Nimebadilisha waya, hali ni ile ile. Je, nikinunua televisheni bapa picha itatulia?

Baba Pacha: Dada, tangu matangazo ya analogia yalipozimwa mwaka 2015, televisheni za kichogo hazioni kitu bila kisimbuzi. Mimi mwenyewe nilipanda darini kugeuza antena mchana kutwa, mke wangu akinipigia kelele kutoka chini, kumbe mitambo ilikwisha kuzimwa. Nunua kisimbuzi.

Fundi Mstaafu, Malindi: Kisimbuzi hakihusiki hapa, kwa kuwa deki haipokei matangazo bali inasoma kanda. Mwanangu, nijibu mambo mawili: deki hiyo imetoka wapi, na sauti ikoje?

Mwana wa Langoni: Sauti ipo. Ninachouliza ni kuhusu televisheni.

Fundi Mstaafu, Malindi: Sikuuliza kama ipo, nimeuliza ikoje.

Mwana wa Langoni: Inakwenda mbio. Akina mama wanaoimba vugo wanasikika kama watoto wa chuo cha Kurani. Deki aliileta binamu yangu kutoka Marekani, na nyuma imeandikwa 120V 60Hz. Sikulitaja hilo kwa sababu ni nzima kabisa.

Fundi Mstaafu, Malindi: Basi hapo ndipo penye tatizo, na yamechanganyika mawili. Marekani ilitumia mfumo wa picha uitwao NTSC, wenye mistari 525 na takriban mipigo 60 ya picha kwa sekunde, ilhali sisi tulirithi PAL, yenye mistari 625 na mipigo 50. Televisheni kongwe inayojua PAL peke yake ikipewa ishara ya NTSC hupoteza rangi na picha hupanda. La pili ni zito zaidi: kanda yako, kama ilirekodiwa hapa, ni ya PAL, ambayo hupita kwenye deki kwa karibu milimita 23 kwa sekunde, na deki ya NTSC huendesha kanda zake kwa karibu 33. Ndiyo maana waimbaji wanakimbia. Televisheni mpya itaponya la kwanza na kuliacha la pili.

Mwana wa Langoni: Shukrani, lakini nimekwisha kutoa arbuni. Dukani tuliiwasha deki kwenye televisheni bapa, na maandishi yake yakatokea kwa rangi, yametulia tuli. Macho yangu hayakunidanganya.

Fundi Mstaafu, Malindi: Maandishi yale huyatengeneza deki yenyewe, hayatoki kwenye kanda. Je, kanda uliitia?

Mwana wa Langoni: Hapana. Duka lilijaa wanaume, na kanda ni ya ukumbi wa akina mama, hawana buibui. Kwa sababu hiyo hiyo siipeleki kwa fundi.

Ustadhi wa Mtaa: Umefanya vema kuwasitiri, ingawa lingekuwa bora zaidi wasingerekodiwa tangu mwanzo.

Mchunguzi: Samahani, mimi nanusa hadithi ya kutungwa. Umeme wetu ni volti 240. Deki ya volti 120 ingefuka moshi siku ya kwanza. Tena iliwashwa nyumbani, ikawashwa dukani, na bado nzima? Huenda mwenye duka ndiye anayetuandikia, ili tuzizungumzie televisheni zake.

Baba Pacha: Kweli! Nami nilianza kushuku.

Mwana wa Langoni: Kuna transfoma, kaka, ya kushusha volti 240 hadi 110. Ni nzito kama jiwe la kusagia, na dukani ilipelekwa kwa punda pamoja na deki. Kama ningetunga, ningetunga kisa chenye heshima zaidi kwangu.

Mchunguzi: Kwa punda! Haya, punda nimemwamini.

Fundi Mstaafu, Malindi: Tuyaache hayo. Kabla ya kuizungusha tena, itazame kanda kupitia kidirisha chake. Ukiona vumbi jeupe pembezoni mwa utepe, hiyo ni kuvu ya unyevu wa pwani, ambayo hung'ang'ania vichwa vya deki na kuchafua kila kanda itakayofuata. Usiitie mahali popote kabla haijasafishwa.

Mwana wa Langoni: Nimetazama kwa tochi. Utepe ni mweusi, unang'aa, hauna kitu. Lakini arbuni hairudishwi, kwa hiyo televisheni nitaichukua vyovyote.

Fundi Mstaafu, Malindi: Ichukue, ila hakikisha ina tundu la manjano la waya wa picha wa deki, maana nyingi za sasa hazina. Na tundu hilo likiwa limechanganywa na la kijani, chagua kwenye menyu ingizo la AV, la sivyo picha itakosa rangi nawe utadhani deki imekosa tena.

Shangazi wa Shela: Mwanangu, mimi ninayo deki ya PAL, ilinunuliwa Mombasa, na waya naunganisha mwenyewe. Njoo na mama yako Alhamisi baada ya alasiri. Wanaume wa nyumbani nitawatoa.

Ustadhi wa Mtaa: Na iwe baada ya swala, si kabla.

Shangazi wa Shela: Nimesema baada ya alasiri, Ustadhi. Mwana wa Langoni, ile deki ya Marekani iache nyumbani, na punda pia.