Mkopo wa karakana: mashine kwanza, au tuiigize kazi kwenye kompyuta?

Mwanzisha mada, Uyole
Halmashauri inatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Nasema kikundi kinachounda matela ya pawatila kisipewe hela ya mashine kabla hakijaigiza kazi yake kwenye kompyuta, yaani programu iendeshe karakana ya mfano ili ionekane kazi itakwama wapi. Karakana niliyofanyia kazi ilikopa ikaongeza mashine ya kuchomelea. Tela lilichomelewa kwa saa 3, lakini rangi ilikaa saa 5 na chumba cha rangi ni kimoja. Matela yakarundikana mlangoni, deni likabaki palepale.

Fundi mchomeleaji, Mafiati
Kaka, hilo hata kijana wa siku mbili analiona kwa macho. Ford kuanzia mwaka 1913 walishusha kazi ya kuunganisha chesisi ya gari la Model T kutoka saa 12 na nusu hadi saa moja na nusu hivi. Kompyuta ilikuwa wapi? Sisi chuma kinakwama njiani mlima Kitonga, umeme unakatika bila taarifa. Utaigiza nini hapo?

Mwanzisha mada
Kitonga na umeme ndiyo sababu yenyewe. Wastani unadanganya. Mafundi wawili wanaopokezana kazi, wenye wastani wa saa 3 kila mmoja, bado watakuwa na foleni kati yao, maana leo mmoja anatumia 2, kesho 5, na muda ambao mwenzake amekaa akisubiri haurudi. Programu inaendesha miezi sita ya karakana mara elfu moja, inakata umeme bila mpangilio, na unaona foleni inapojaa. Ipo SimPy, programu ya kuigizia kazi hivyo; inatumia lugha ya kompyuta ya Python na hailipiwi. Tena John Little, mtaalamu wa hesabu za foleni, alithibitisha mwaka 1961: ukiwa na matela 20 ndani na unatoa 2 kwa siku, kila tela linakaa kwa wastani siku 10. Usimwahidi mteja siku 4.

Mkulima wa mpunga, Ubaruku
Mimi ndiye huyo mteja. Niliahidiwa siku 4, mpunga nikaubeba kwa tela la kukodi. Sasa nauliza: muda wa kila kazi wa kuipa hiyo kompyuta nani anauandika?

Fundi mchomeleaji, Mafiati
Mama, hapo umenishika. Hatuna daftari. Kuandika mwezi mzima nakubali, hata kesho naanza. Lakini kumzuilia kijana mkopo kwa sababu hana kompyuta, hilo sikubali. Halmashauri imlete mtaalamu na kompyuta yake hapa karakanani.