Keki iliyobonyea na sabuni isiyokauka: nimekosea wapi?

MamaWawili (Mbeya) ameuliza:

Habari zenu wanajamvi. Naomba msaada wa wale wenye uzoefu wa kuoka na kutengeneza vitu vya nyumbani kwa kufuata mafunzo ya mtandaoni, kwa sababu mwezi huu nimeharibu vitu viwili mfululizo na sielewi kosa langu liko wapi, ilhali nilifuata maelekezo hatua kwa hatua, kalamu na daftari mkononi.

Cha kwanza ni keki ya siku ya kuzaliwa ya binti yangu. Video ilikuwa ya mama mmoja wa Marekani, naye alitaja vikombe vitatu vya unga wa ngano, kikombe kimoja na nusu cha sukari, mayai matatu, kikombe kimoja cha maziwa, kijiko kimoja kikubwa cha beking pauda na "kijiti" kimoja cha siagi, kisha akasema joto liwe digrii 350. Mimi sina oveni. Natumia jiko la mkaa, sufuria kubwa yenye mchanga, na sufuria ndogo ya keki ndani yake, iliyofunikwa. Hicho kijiti cha siagi sikukielewa, nikakadiria vijiko viwili vikubwa. Unga na sukari nilipimia kikombe chetu cha chai, na kwa kuwa 350 niliiona kuwa moto wa kuyeyushia chuma, nilijaza mkaa hadi jiko likafurika. Keki ilipanda vizuri mno, nami kila baada ya dakika chache nilifunua kuitazama, hata nikamwita jirani aje aone. Baada ya robo saa hivi ikaanza kushuka katikati kama shimo la bao, na nilipoitoa, chini ilikuwa imeungua na ndani kulikuwa na uji. Kinachonichanganya zaidi ni kwamba dada yangu aliyeko Dar es Salaam alifuata video hiyohiyo, naye kwa jiko la mkaa, na keki yake ikatoka salama.

Cha pili ni sabuni ya kuogea. Maelekezo yalitaka gramu 500 za mafuta ya zeituni, gramu 64 za kostiki soda na gramu 170 za maji. Mafuta ya zeituni huku ni ghali, kwa hiyo nikatumia mafuta ya nazi kwa uzito uleule, na hapo nilipima kila kitu kwa mizani ndogo ya kidijitali. Nilichanganyia katika sufuria zetu za kawaida. Mchanganyiko ulifoka, ukatoa harufu kali, na sufuria ikawa nyeusi. Leo ni wiki ya tatu, sabuni ina rangi ya majivu na bado inaacha mafuta vidoleni. Je, niendelee kusubiri au niitupe?

Mwokaji_wa_Mlimani (Arusha) amejibu:

Pole sana dada. Mimi nilizaliwa Tanga na nikajifunza kuoka hukohuko, na nilipoolewa nikahamia Arusha, keki zangu tatu za kwanza zilibonyea hivyohivyo mbele ya wakwe. Kwa hiyo nianze na hilo la dada yako, kwa sababu ndani yake mna sehemu kubwa ya jibu.

Dar es Salaam iko usawa wa bahari, na wewe Mbeya uko mita zipatazo 1,700 juu yake. Huko juu mgandamizo wa hewa ni mdogo, ndiyo maana maji yako huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100. Gesi inayotolewa na beking pauda nayo hupata nafasi ya kutanuka zaidi, na keki hupanda haraka kuliko unga unavyoweza kuiva na kushikamana. Viputo vinapasuka kabla kuta zake hazijawa ngumu, na katikati panadidimia. Ule uzuri uliomwitia jirani ndio uliokuwa dalili ya ugonjwa. Kwa mji kama wenu, punguza beking pauda kwa robo, yaani badala ya vijiko vidogo vitatu (ambavyo ndivyo kijiko kimoja kikubwa) weka viwili na robo. Sukari ipunguze kijiko kikubwa kimoja kwa kila kikombe, na maziwa yaongeze vijiko vikubwa viwili au vitatu, kwa sababu huko juu maji hukauka upesi.

Sasa vipimo. Kikombe cha Wamarekani ni kipimo maalumu cha mililita 240 hivi, wala si kikombe chochote kilichoko kabatini. Watu husema kikombe chochote kinafaa mradi utumie hichohicho mwanzo hadi mwisho, na kwa maandazi ni kweli, lakini mayai hayapimwi kwa kikombe, na beking pauda pia haipimwi kwa kikombe. Kikombe chako kikiwa kikubwa, unga na sukari vinaongezeka huku mayai yakibaki matatu. Jaza kikombe chako maji uyapime kwenye ile mizani ya sabuni, kwani gramu moja ya maji ni mililita moja, nawe utaona mwenyewe umezidisha kiasi gani. (Nakutania kidogo: mizani unayo ndani ya nyumba, halafu keki unaipimia kikombe cha chai?) Kwa gramu, maelekezo yale ni kama 375 za unga, 300 za sukari na 240 za maziwa. Kijiti cha siagi ni kipande cha gramu 113, kwa kuwa kwao siagi huuzwa ikiwa imekatwa vipande vya uzito huo, na vijiko vyako viwili vikubwa havikufika hata gramu 30. Nazo digrii 350 ni za Farenhaiti, ambazo kwa Selsiasi ni takriban 177, joto la kawaida kabisa la kuokea keki.

Kuhusu jiko, nadhani mkaa wote uliuweka chini. Bibi zetu hawakuwa na oveni na mikate yao ilipanda, kwa sababu walijua kupalia makaa. Weka mchanga mkavu wa kina cha vidole viwili, pasha sufuria kubwa kwa dakika kumi ikiwa imefunikwa, halafu panga vijiwe vitatu juu ya mchanga ili sufuria ya keki isigusane nao. Gawanya makaa yaliyokwisha kuiva, theluthi moja ibaki chini na theluthi mbili ziende juu ya mfuniko, ambao uwe wa bati bapa usio na kishikio cha plastiki. Usifunue kabla ya dakika 30. Kila unapofunua, joto la juu lote linakimbia na keki ambayo haijashikamana inaanguka. Baada ya hapo choma njiti katikati, na ikitoka kavu basi imeiva. Dirisha liwe wazi muda wote, kwa maana mkaa mwingi katika jiko lililofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu.

Jambo la mwisho: kopo la beking pauda likikaa wazi muda mrefu hufa. Tia kijiko kidogo katika maji ya moto, na lisipotoa povu la nguvu, nunua jingine. Wala usidanganyike kutia hamira mahali pake, kwani hamira ni kitu kingine kabisa na inahitaji muda wa kuumuka.

MwalimuMstaafu amejibu:

Mwanangu MamaWawili, keki nawaachia wenyewe. Mimi nimefundisha kemia sekondari miaka mingi, na nilipofika kwenye maneno "sufuria zetu za kawaida" niliweka kikombe changu cha chai chini.

Sufuria zetu za kawaida ni za alumini, na kostiki soda huila alumini. Zikikutana na maji hutokea gesi ya haidrojeni, ambayo hushika moto kwa urahisi mno, na kama jiko la mkaa lilikuwa linawaka karibu nawe, basi mshukuru Mungu. Ule weusi na ile rangi ya majivu vimetokana na chuma chako kilicholiwa. Tumia sufuria ya chuma cha pua, au ndoo ya plastiki ngumu inayostahimili joto, na vyombo hivyo visirudi tena kupikia chakula.

Kosa la pili ni kubadilisha mafuta bila kubadilisha kostiki. Kila aina ya mafuta ina kiasi chake cha kostiki kinachoweza kuigeuza yote kuwa sabuni. Gramu moja ya mafuta ya zeituni huhitaji takriban gramu 0.135, ya mawese 0.142, na ya nazi 0.183. Zidisha kwa 500 na utapata kwamba zeituni inataka gramu 67 na nusu, nao wakaweka 64 ili mafuta kidogo yabaki ya kulainisha ngozi, jambo ambalo ni zuri. Nazi yako ilitaka gramu 91 na nusu. Ukipunguza asilimia tano kwa ajili ya ngozi, ungeweka 87. Wewe umeweka 64, na katika hizo sufuria ikala sehemu yake, kwa hiyo karibu theluthi ya mafuta, pengine zaidi, haikugeuka sabuni na haitageuka hata ukisubiri mwaka. Ungefanya kinyume chake, yaani kuchukua kipimo cha nazi ukatia mafuta ya zeituni, ingebaki kostiki badala ya mafuta, na hiyo ingewachuna watoto ngozi.

Huwa naulizwa kama sabuni ya namna hii inaweza kuyeyushwa upya na kuongezewa kostiki. Ingewezekana kama tungejua sufuria imekula kiasi gani, na hilo hatulijui. Itupe, mwanangu.

Utakaporudia, vaa glavu na miwani, watoto na kuku wawe mbali, na daima kostiki ndiyo imwagwe taratibu ndani ya maji baridi. Maji yasimwagwe juu ya kostiki, kwa sababu huchemka ghafla na kurukia usoni. Ikikudondokea mwilini, osha kwa maji mengi yanayotiririka kwa dakika zisizopungua 15, na usihangaike na siki wala limau. Pima kwa uzito tu, maana lita moja ya mafuta haifiki kilo, ni gramu 920 hivi. Kostiki ikae katika kopo lililofungwa kabisa, kwani hunyonya unyevu wa hewa na kupungua nguvu. Na kwa baridi ya Mbeya, mafuta ya nazi huganda chini ya nyuzi 24 hivi, kwa hiyo yayeyushe kwanza ndipo uchanganye. Sabuni ikishakatwa, iache penye hewa kwa wiki nne hadi sita.

Binti_Unguja amejibu:

Mwalimu, shikamoo. Nami naongeza neno, ingawa huenda likaonekana la kupinga. Sioni kwa nini dada ahangaike na keki iliyotungiwa oveni, wakati mkate wa kumimina ulitungiwa jiko lilelile alilo nalo. Mchele unalowekwa usiku kucha, unasagwa na tui zito la nazi, unatiwa hamira, sukari na iliki, unaachwa uumuke, halafu unamiminwa katika sufuria iliyopakwa samli na kupaliwa makaa juu. Hakuna Farenhaiti wala kijiti humo. Kwetu mtoto akizaliwa, akikhitimu Kurani au akiolewa, mkate huo upo sinia zima.

Mwokaji_wa_Mlimani amejibu:

Dada wa Unguja, mkate wa kumimina naupenda kuliko unavyodhani, lakini mtoto aliyekwisha kuona keki yenye mishumaa kwenye simu hutamwambia kitu. Halafu hata huo hauna kinga dhidi ya mlima. Hapa Arusha baridi hufanya unga uchelewe kuumuka, nawe unangoja. Lakini ukishaanza, hupanda kupita kiasi, na ukiuacha hadi uguse mdomo wa sufuria kama mnavyofanya pwani, unashuka vilevile. Mimi huuwahi ungali umepanda nusu tu.

MamaWawili amejibu:

Nawashukuru nyote, na Mwalimu, shikamoo. Nimerudi baada ya wiki moja kuleta majibu.

Kikombe chetu cha chai kimebeba gramu 310 za maji. Maana yake keki ile ilikuwa na unga uliozidi kwa gramu 100 na ushei, na siagi robo tu ya inayotakiwa. Jumamosi nimeoka tena kwa gramu, nikapunguza beking pauda na sukari kama nilivyoelekezwa, nikapalia makaa juu, na nikampa mwanangu mkubwa kazi ya kulinda mfuniko ili mimi mwenyewe nisiufunue. Haikupanda kwa mbwembwe kama ile ya kwanza, lakini haikushuka. Kasoro ni moja: mfuniko wangu una mbonyeo, makaa yakateleza upande mmoja, na hapo pameungua pa ukubwa wa kiganja. Nimepakwangua kwa kisu na kupafunika kwa krimu, na mwenye siku yake hakugundua.

Sabuni nimeitupa. Nitairudia nikipata sufuria ya chuma cha pua, na safari hii nitafanya hesabu ya mawese ya Kyela kabla ya kugusa kostiki: 500 mara 0.142 ni 71, nikipunguza asilimia tano napata 67 na nusu. Mwalimu, naomba uisahihishe.

MwalimuMstaafu amejibu:

Umepata alama zote. Na ile sufuria nyeusi?

MamaWawili amejibu:

Imekuwa ya kuzolea majivu.