Nimeona walivyokarabati mgahawa wa kahawa Dar, je kijiwe chetu cha Ngamiani nikibadilishe nini?

Mwana Ngamiani
Wakuu habari za jioni. Niko Tanga, mzee wangu ana kijiwe cha kahawa huku Ngamiani tangu mimi nasoma shule ya msingi, sasa hivi magoti yanamsumbua kaniachia mimi. Juzi nilienda Dar kufuata mzigo Kariakoo, wakati narudi nikapita kwenye tawi la hii migahawa ya kahawa yenye matawi kila kona, jina naliacha. Niliwahi kuingia pale miaka ya nyuma, kulikuwa na makochi, meza za mbao, na dada anakuja kukuuliza unakunywa nini. Nimekuta wamebomoa yote. Kuzuri kwa macho sikatai, mashine inang'aa mpaka unajiona, ila makochi hakuna, kuna vistuli virefu sita vimefungwa skrubu sakafuni, soketi za kuchajia simu wameziziba, unaagiza kwenye skrini, unalipa 8,000, unasubiri namba yako iitwe. Nikasema nakunywa hapahapa, bado nikapewa kikombe cha karatasi na mfuniko. Nimekunywa nimesimama mlangoni, kila anayeingia nampisha. Kahawa yenyewe tamu jamani, lakini nimeimaliza yote sijasalimiana na mtu hata mmoja, na hilo limeniuma njia nzima mpaka nafika Tanga.

Sasa nina kama laki nne za kukarabati. Rafiki yangu anasema niondoe mabenchi niweke kaunta na vikombe vya karatasi, vijana wachukue waende zao, mauzo yatapanda. Mnaoijua hii biashara, nibadili nini niache nini?

Povu la Maziwa
Mkuu nimesimama nyuma ya hiyo mashine Dar miaka minne, ngoja nikuambie kwa nini wanafanya vile. Ile mashine inasukuma maji kwa presha ya bar 9 hivi, kwenye kahawa gramu 18, sekunde 25 mpaka 30 imetoka. Kwa hiyo kinachochelewesha pale sio kahawa, ni kiti. Mtu anafungua laptopu asubuhi na kikombe kimoja anaondoka mchana, na kodi ya fremu za mjini unaijua. Kistuli kigumu kimewekwa makusudi usizoee. Wewe kodi hiyo huna, sasa ugonjwa wao unautafutia dawa ya nini? Cha kuiga kwao ni kusaga kidogokidogo. Kahawa ikishasagwa harufu inakimbia haraka, usisage ya wiki nzima ukaiweka kwenye mfuko wazi. Saga ya leo tu.

Binti Chumbageni
Kaka naomba nikuambie ukweli kama dada yako. Mimi kahawa naipenda na vijiweni siji, na sababu sio benchi. Ni ile ndoo moja ya kusuuzia vikombe tangu alfajiri, ikifika saa kumi jioni maji yenyewe yamekuwa rangi ya kahawa na kikombe kinatumbukizwa humohumo anapewa mwingine. Nunua ndoo mbili zenye koki, sabuni, na vikombe vya kutosha ili vingine vikauke wakati vingine vinatumika. Halafu weka benchi moja pembeni kidogo na taa, sisi wanawake tupate pa kukaa na kashata zetu bila kukodolewa macho. Hiyo laki nne hutaimaliza.

Mshambaa
Binti Chumbageni kamaliza. Naongezea kidogo tu, hao Starbucks wa Marekani ambao wengi wanawaiga, walioanza Seattle mwaka 1971, mwanzoni mwa 2025 wamerudisha vikombe vya kauri kwa anayekunywa palepale, na kahawa ya kawaida unajaziwa tena bure. Wenye kaunta wanarudi kwenye kikombe wewe unataka kukitupa! Kuhusu buni, mzee anachanganya nini? Arabika ya huku milimani kwetu au ya Kilimanjaro ina harufu, robusta ya Kagera ni nzito na kafeini yake ni kama mara mbili. Muulize kipimo chake kabla hujagusa kitu, wateja wake ulimi wao umeshazoea.

Mwana Ngamiani
Asanteni sana, dada hilo la ndoo limenichoma maana ni kweli tupu, nimeliona tangu mtoto nikaona ndivyo ilivyo. Nimemuuliza mzee kipimo, kaniambia robusta mafungu mawili arabika moja, tangawizi iingie mwisho dele likishatulia kwenye mkaa. Ndoo za koki nimeshazichukua leo sokoni. Mabenchi fundi anakuja Jumamosi kuyapiga randa, na lile fupi la mzee nimemwambia asiliguse miguu, mzee analikalia vizuri hivyohivyo. Mshambaa, buni ya Lushoto naipata kwa nani kwa kilo tano tano?

Mshambaa
Njoo inbox.